Jinsi ya kupima pua za nyumbani kwako, kisha kuzisoma jeni zake kwa simu

Anayesema "harufu hii hata mtoto mdogo anaisikia" hajawahi kupanga vikombe mezani. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Morogoro, na kila mwaka tukifika mada ya milango ya fahamu darasa hugawanyika kwa ajili ya fungu moja la giligilani lililoshuka kutoka Mgeta. Wengi wanasema inanukia kachumbari. Wachache wanasema sabuni. Na wapo wa bweni, wanaokunja uso na kusema kunguni. Hapo kelele huanza, kila upande ukidhani mwenzake analeta utani.

Hakuna anayeleta utani. Harufu ya giligilani inabebwa na aldehaidi, na molekuli za jamii hiyohiyo zimo kwenye sabuni nyingi na kwenye ule uvundo wa kunguni aliyeminywa. Kilichotofautiana ni pua. Na pua ikitofautiana na nyingine, mara nyingi chanzo chake ni protini ndogo zilizo juu kabisa ndani ya pua, na jeni zinazoziandika.

Mwongozo huu una kazi mbili. Ya kwanza unaifanya kwa vikombe vya chai na vitu vya jikoni. Ya pili unaifanya kwa simu yenye bando: unaifungua jeni yenyewe, unahesabu herufi zake mpaka unaifikia ile moja inayotenganisha anayesikia na asiyesikia. Huhitaji maabara. Shule yangu nayo haina ya maana, na kazi zote mbili tunazifanya.

Unachopima ni nini

Juu kabisa ndani ya pua, chini ya fuvu, kuna kipande kidogo cha utando chenye mamilioni ya seli za neva. Kila seli huchagua jeni moja tu ya kipokezi cha harufu, tena nakala moja tu, ama ya mama ama ya baba, na kuzizima nyingine zote. Jeni hiyo huandika protini ya asidi amino kama 310 hivi, na protini hiyo huupenya utando wa seli mara saba, kwenda na kurudi. Katikati ya mikunjo hiyo saba ndipo molekuli ya harufu hunasa. Ikinasa, kipokezi huamsha protini G iliyo ndani ya seli, ile G huamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mduara, kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, na AMP hiyo hufungua milango ya utando: sodiamu na kalsiamu huingia, kloridi hutoka, umeme huondoka kuelekea ubongoni.

Jeni hizi ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel, waliotangaza matokeo yao mwaka 1991 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Walichokikuta kiliwashangaza wengi, maana ndiyo familia kubwa kuliko zote katika jenomu yetu, yaani DNA yetu yote. Binadamu ana jeni za aina hii zaidi ya 800, zimetapakaa karibu kromosomu zote isipokuwa ya 20 na Y, na kromosomu 11 ndiyo yenye nyingi kuliko zote. Ila zaidi ya nusu zimekufa. Zimepata kasoro katika maandishi yake na haziandiki tena protini inayofanya kazi. Zinazofanya kazi ni kama 400. Panya wa maabara anazo zaidi ya 1,000, na tembo wa Afrika anakaribia 2,000, idadi kubwa kuliko ya mnyama mwingine yeyote aliyelinganishwa naye. Wanafunzi wangu wanaowaona panya buku wa APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine wakinusa makohozi ya kifua kikuu huniuliza kwa nini tusifunzwe sisi. Jibu langu huwa ni kwamba baruti ya mabomu ya ardhini panya hao nao wanainusa, na sisi uzito wetu haufai kwa kazi hiyo.

Sasa, jeni 400 zinatoshaje kutambua harufu nyingi kiasi hiki? Ni kama namba za simu: tarakimu ni kumi tu, lakini wateja ni mamilioni. Molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa, kipokezi kimoja huamshwa na molekuli kadhaa, na ubongo husoma mpangilio mzima. Ndiyo maana kupoteza kipokezi kimoja kwa kawaida hakukufanyi ukose harufu fulani kabisa. Huibadilisha. Mwaka 2014 timu ya Joel Mainland ilionyesha kwamba ukichukua watu wawili wowote, zaidi ya asilimia 30 ya nakala za vipokezi vyao hutofautiana katika utendaji. Hebu waza hilo siku nyingine ukigombana na mtu kuhusu chumvi ya mchuzi. Chumvi ni ya ulimi, lakini mchuzi wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa pua.

Kupanga vikombe

Chagua siku ambayo hakuna mwenye mafua. Aliyejifukiza udi asubuhi asubiri kesho, na aliyepaka marashi aoge. Mvutaji sigara hakatazwi, ila avute baada ya zoezi, na uandike kwamba anavuta.

Tumia vikombe vya udongo au bilauri, vyote vya aina moja. Plastiki mpya ina harufu yake, na plastiki ya zamani ina harufu ya kila kilichowahi kukaa ndani. Vioshe kwa sabuni isiyo na manukato kisha uvimwagie maji yanayochemka. Weka kitu chako ndani, funika kwa karatasi ya foili, itoboe matundu kwa kijiti cha meno. Mnusaji asione kilichomo.

Kisha kanuni yenyewe, na hii usiivunje: vikombe vitatu kila mara. Viwili vina kitu kimoja, cha tatu kina kingine. Kwa mfano viwili vina maji ya uvuguvugu matupu, na kimoja kina maji ya uvuguvugu yenye majani ya giligilani yaliyokatwakatwa. Usimuulize mtu "unasikia giligilani?" Mwanadamu akiulizwa hivyo huisikia hata kama haipo, kwa adabu tu. Muulize: "Kipi si mwenzao?" Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu. Rudia mara sita ukibadilisha mpangilio. Uwezekano wa kupata tano au zaidi kati ya sita kwa kubahatisha ni 13 kwa 729, yaani chini ya asilimia 2. Kwa hiyo aliyepata tano anasikia kweli. Aliyepata mbili, hata akiapa, andika kwamba hajasikia.

Anayepanga vikombe asiwe ndiye anayeuliza. Nimeona watoto wakisoma uso wa dada yao kuliko wanavyosoma kikombe.

Baada ya hapo tu ndipo unauliza swali la pili: "Inakukumbusha nini?" Andika maneno yake vilevile. Akisema "nyumba ya bibi" andika nyumba ya bibi, usiandike moshi. Maneno hayo utayahitaji ukifika kwenye jeni.

Kati ya seti na seti mpe nusu dakika apumzike, anuse kiwiko chake mwenyewe. Pua huzoea haraka sana. Ndiyo maana mwuza samaki hana habari na kinachowakimbiza wapangaji.

Ukitaka kujua nani ana pua kali zaidi, punguza nguvu kwa hatua. Chemsha mdalasini (huu wa Matombo unatosha), uchuje, uuache upoe. Kijiko kimoja cha maji hayo kiweke kwenye vijiko tisa vya maji safi: hiyo ni hatua ya kwanza. Kijiko kimoja cha hatua ya kwanza kwenye vijiko tisa vingine: hatua ya pili. Endelea. Anza na kikombe dhaifu kuliko vyote ukipanda kuelekea kikali, usianze na kikali, maana ukishaijaza pua imekwisha.

Vitu vya kuepuka: dawa za kuchua zenye mentholi, pilipili, tangawizi, spiriti, amonia. Hivi havisikiki kwa vipokezi vya harufu peke yake. Huchoma, na mchomo husafiri kwa neva ya trijemino (trigeminal), neva nyingine kabisa. Mtu asiyesikia harufu yoyote duniani bado atashtuka ukimpa amonia, nawe utamwandika mzima.

Vikombe vinavyofaa, na kinachojulikana kuvihusu

Giligilani ndiyo rahisi kupata, na ndiyo inayotia watu maneno mengi. Mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya 23andMe huko Marekani waliwauliza watu zaidi ya 14,000 wenye asili ya Ulaya kama inanuka sabuni, kisha wakapekua jenomu zao. Walikuta alama moja (mahali ambapo herufi ya DNA hutofautiana kati ya watu), rs72921001, iliyokaa kwenye kundi la jeni za vipokezi katika kromosomu 11. Mmoja wa majirani wa alama hiyo ni OR6A2, kipokezi kinachopenda aldehaidi. Mitandaoni utasoma kwamba OR6A2 ndiyo "jeni ya kuchukia giligilani". Hilo limetiwa chumvi. Alama hiyo inaeleza sehemu ndogo sana ya tofauti, na mazoea yana nguvu: aliyelelewa kwenye nyumba ya kachumbari husamehe mengi. Ukiwa na msabuni nyumbani, itwange giligilani na uiache ipumzike kabla ya kuiweka mezani. Vimeng'enya vya jani lililopondwa huzivunja zile aldehaidi, na wengi huacha kulalamika.

Dagaa wakavu ni kikombe changu kipenzi. Uvundo wa samaki ni trimethilamini, na kipokezi chake hakitoki kwenye familia ya OR, ile kubwa ya vipokezi vya harufu, bali kwenye familia ndogo ya TAAR, ambayo Buck na Stephen Liberles waliitambua kuwa ya kunusa mwaka 2006. Chetu kinachohusika ni TAAR5, kromosomu 6. Mwaka 2020 watafiti wa Iceland walitangaza kuwa wamewanusisha Waiceland zaidi ya 11,000 harufu sita, samaki akiwemo. Waliobeba herufi fulani adimu katika TAAR5 hawakukerwa na samaki kama wenzao, na baadhi yao walipoulizwa wananusa nini walijibu viazi, karameli, hata waridi. Badiliko hilo Afrika ni adimu sana, kwa hiyo usitarajie waridi kutoka kwenye dagaa wa Mwanza. Kikombe hiki kina faida nyingine: ukikamulia ndimu, asidi huigeuza trimethilamini kuwa chumvi isiyopaa hewani, na uvundo hushuka palepale. Wapishi wa pwani walikuwa wakifanya hivyo kabla kemia haijaandikwa.

Hapa niseme jambo moja la haki. Mama mkwe wangu ni mtu wa Ukerewe. Akinusa dagaa anakuambia kama walinyeshewa mvua wakati wa kuanikwa. Hiyo si jeni. Ni miaka ya kushika dagaa. Ndiyo maana nasisitiza vikombe vitatu na swali la "kipi si mwenzao", kwa sababu swali hilo hupima kusikia. Swali la "hiki ni nini" hupima uzoefu, na ukiyachanganya hayo mawili mama mkwe atawashinda wote na hutajua kwa nini.

Kikombe cha tatu kifanyie nyumbani tu, tena nyumba isiyo na kikwazo nacho, maana darasa langu lina watoto wa imani zote na sileti mzozo shuleni. Ni mafuta ya nguruwe dume asiyehasiwa. Shemeji yangu anauza kitimoto karibu na Msamvu, na ana wateja wanaorudisha sahani bila kueleza kwa nini, huku wenzao wa meza hiyohiyo wakila hadi mfupa. Sababu inayowezekana ni androstenoni, kemikali inayojikusanya kwenye mafuta ya dume aliyebalehe. Ukiipasha moto hupaa. Kuna wanaosikia mkojo au jasho kali, kuna wanaosikia kitu kitamu kama vanila, na kuna wasiosikia chochote. Mfugaji anayehasi madume wakiwa wadogo huliondoa tatizo lote. Weka kipande cha mafuta ya dume asiyehasiwa kwenye kikombe kimoja na mafuta ya jike kwenye viwili, vyote vimepashwa moto sawasawa.

Soksi nazo zinafaa, ukiwa na mtoto wa kiume wa bweni. Harufu ile ya miguu hubebwa kwa sehemu na asidi isovaleriki. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha mwaka 2007 kwamba wenye pua kali kwa asidi hiyo mara nyingi wana angalau nakala moja nzima ya jeni OR11H7P. Herufi P mwishoni ni alama ya jeni mfu. Lakini hii imekufa kwa baadhi yetu tu. Kwa wengine bado inapumua.

Sasa shika simu

Anza na jina. Chukua OR7D4. OR ni kipokezi cha harufu. 7 ni familia: wanafamilia wanafanana kwa asilimia 40 au zaidi ya herufi za protini. D ni tawi ndani ya familia, ambako mfanano hufika asilimia 60 na zaidi. 4 ni namba ya mwanachama. Ukiona namba 51 hadi 56, hao ni wa ukoo wa kale unaofanana na vipokezi vya samaki, na kwetu wote wamekaa kromosomu 11. Angalia usijichanganye: mbu nao wana vipokezi vinavyoandikwa Or, vinavyofanya kazi vikiwa vimeshikana na kimoja kiitwacho Orco, lakini hivyo ni protini za ukoo mwingine kabisa. Ukifungua ukurasa ukakuta Anopheles, rudi nyuma.

OR7D4 ndiyo ile ya androstenoni. Andreas Keller, Leslie Vosshall, Hiroaki Matsunami na wenzao waliitangaza mwaka 2007, na kwangu ni mfano safi kuliko wa giligilani, ndiyo maana nafundishia huu.

Fungua tovuti ya UniProt, ni ya bure, andika OR7D4, uchague ya Homo sapiens. Teremka hadi kwenye sehemu ya mfuatano. Utaona herufi 312 zimepangwa kumikumi, kila herufi ni asidi amino moja. Chukua kalamu. Hesabu hadi fungu la 9. Linasomeka MLVSIQARSK. Herufi ya nane ya fungu hilo ni R, nayo ndiyo herufi ya 88 ya protini nzima. Sasa nenda fungu la 14: HYTVIMNPCL. Herufi ya tatu ni T, ya 133. Herufi hizo mbili, R na T, ndizo za kipokezi kinachoisikia androstenoni. Aina ya pili iliyoenea ina W badala ya R na M badala ya T, nayo karibu haiitikii. Watu huziita kwa ufupi RT na WM. Mwenye RT mbili kwa kawaida huisikia, tena vibaya. Mwenye nakala ya WM huisikia kidogo au huiona tamu. Norway walikwenda mbali zaidi, wakawalisha watu nyama iliyotiwa androstenoni. Wenye RT mbili ndio walioilalamikia zaidi.

Ili T iwe M panahitajika herufi moja tu ya DNA ibadilike: ACG iwe ATG. C moja katika jenomu ya herufi bilioni tatu, na mteja wa shemeji anarudisha sahani.

Kabla hujatoka kwenye ukurasa huo, tafuta mwisho wa fungu la 12 na kuingia la 13: MAY, kisha DRFVAIC. Sasa fungua vipokezi vingine vyovyote vya OR na utafute MAYDRYVAIC. Utaikuta karibu kila mahali, pengine na herufi moja iliyogeuka kama hapa F ilipokaa mahali pa Y. Karibu na mwisho wa protini tafuta NPFIYSLRN, nayo vilevile. Vipande hivi havibadiliki kwa sababu ndivyo vinavyoshika kazi ya ndani ya seli, kuamsha ile protini G. Sehemu za katikati, zinazozunguka mfuko wa kunasia harufu, ndizo zinazotofautiana sana kipokezi kwa kipokezi. Wanafunzi wangu huzipaka kalamu ya rangi kwenye karatasi, na wanaelewa zaidi kwa rangi ile kuliko kwa saa nzima ya mimi kuongea.

Ukitaka kuona umbo lenyewe, nenda kwenye hazina ya maumbo ya protini, PDB, uandike 8F76. Hicho ni OR51E2, kipokezi cha kwanza cha harufu cha binadamu kuonekana umbo lake halisi, mwaka 2023, kikiwa kimeshika propioneti, kitu chenye harufu ya jibini kali. Zungusha kwa kidole. Hesabu zile nguzo saba. Ajabu ni kwamba kipokezi hiki hakikai puani tu. Tezi dume nayo inacho kwa wingi.

Hatua inayofuata ni kuangalia majirani zetu. Fungua tovuti ya jenomu ya Ensembl, andika rs5020278, ambayo ndiyo T au M ya nafasi ya 133. Bonyeza palipoandikwa Population genetics. Utaona mistari ya jamii nyingi duniani kutoka mradi wa Jenomu 1000. Tafuta LWK: hao ni Waluhya wa Webuye, Kenya, na ndio walio karibu nasi kuliko wote katika orodha hiyo. Linganisha mstari wao na wa Ulaya. Ukiona G na A mahali unapotarajia C na T, usishangae, ukurasa unasoma uzi wa pili wa DNA: G ya huku ndiyo C ya kule. Fanya vivyo hivyo kwa rs6591536. Hiyo ni ya OR5A1, kipokezi cha beta-ayononi, harufu ya maua iliyomo hata kwenye majani ya chai. Katika utafiti wa New Zealand wa mwaka 2013, herufi hiyo moja ilieleza zaidi ya asilimia 90 ya tofauti kati ya wanaoisikia na wasioisikia. Kwa harufu, matokeo safi namna hiyo hayatokei mara nyingi.

Ukiwa na faili la vinasaba

Kuna wenye ndugu Ulaya au Marekani waliopima vinasaba kwa kampuni za nyumbani na kupewa faili. Ni maandishi matupu: namba ya rs, kromosomu, mahali, herufi mbili. Tafuta rs5020278, rs61729907 kwa ile R ya 88, na rs6591536. Kisha linganisha na vikombe. Usianze na faili ukamwambia mtu "wewe husikii", maana ataacha kusikia. Vikombe kwanza.

Na faili hilo lisomee kwenye simu yako, usilipandishe kwenye kila tovuti inayokuahidi mambo. Ndani yake hamna vinasaba vya mtu mmoja tu. Mna vya wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, ambao hawakuulizwa. Jingine: usije ukaamua ubaba kwa giligilani. Mtoto kusikia sabuni wakati wazazi wote wawili hawasikii ni jambo la kawaida kabisa, na nimeshawahi kutuliza nyumba moja iliyoanza kuhesabu miezi.

Aliyekosa vikombe vyote

Mara chache utampata anayeshindwa seti zote, giligilani, dagaa, mdalasini, kila kitu. Huyo si suala la kipokezi kimoja. Muulize kama aliwahi kugonga kichwa, kama ana vinyama puani, au kama harufu ilipotea baada ya UVIKO-19. Virusi vile hushambulia hasa seli zinazozilea neva za pua kuliko neva zenyewe, na ndiyo sababu wengi hurudi kusikia baada ya wiki kadhaa. Asiyerudi amwone daktari wa masikio, pua na koo.

Wakati huohuo hamisha mtungi wake wa gesi. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu; uvundo ule wa kabichi iliyooza hutiwa makusudi, ni merkaptani, ili pua ikuonye. OR2T11 ni mmoja wa vipokezi vinavyoinasa, kwa msaada wa shaba. Kwa asiyenusa kabisa, onyo hilo halipo. Mtungi ukae nje ya dirisha, mpira wake upakwe povu la sabuni kila unapobadilishwa ili mapovu yaonyeshe panapovuja, na mtu mwingine wa nyumba hiyo ndiye awe wa kwanza kuingia jikoni asubuhi.